Kiti Kigawiwe kwa Saa, si kwa Cheo

Katika ofisi nyingi ninazoitwa kupima hapa Dar es Salaam, kiti cha bei kubwa kuliko vyote ndicho kinachokaliwa kwa saa chache kuliko vyote. Kiko chumbani kwa mkurugenzi: kipana, cheusi, egemeo limepita kichwa. Mwenyewe yuko vikaoni, yuko Dodoma, yuko safarini. Nje ya mlango wake ameketi katibu muhtasi, na vyumba viwili mbele wako wahasibu na waingiza taarifa, ambao hukodolea macho kompyuta tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Wao wamepewa viti vya wageni, viti vya plastiki, au vile vya magurudumu ambavyo gesi yake imekufa na hushuka polepole mtu akiwa amevikalia. Msimamo wangu ni huu: vifaa vya kompyuta vinavyoufuata mwili wa mtumiaji ni zana za kazi, na thamani yake hupimwa kwa saa atakazovitumia na kwa vipimo vya mwili wake. Ukipima hivyo utakuta kwamba ofisi zetu nyingi hazikosi fedha za kulinda shingo na migongo ya watu wao. Zinazitumia mahali pasipostahili.

Kukifanya kiti kuwa cheo hakukuanza jana. Pwani yetu ina kiti cha enzi, kile cha mpingo kilichotiwa nakshi za pembe, ambacho wakubwa wa Lamu na Pate walikiweka kwa ajili ya mgeni wa heshima au mwenye mamlaka. Kilitengenezwa ili aliyekikalia aonekane, na kwa kazi hiyo kilifaa sana. Tatizo ni kwamba ofisi ya leo hununua viti vya kazi kwa mawazo hayohayo. Soma orodha za zabuni za samani: kiti cha mkurugenzi, kiti cha meneja, kiti cha karani, na bei ikishuka ngazi kwa ngazi. Hutaona mahali panapouliza mtumiaji atakaa saa ngapi, ana urefu gani, au meza yake ina kimo gani.

Lakini kabla ya kiti kuna kompyuta yenyewe. Kasoro kubwa kuliko zote imo katika kompyuta mpakato, au laptopu kama wengi tunavyoiita, na hakuna kiti kinachoweza kuirekebisha. Macho yanataka skrini iwe mbali kadiri ya mkono ulionyooshwa, ukingo wake wa juu ukiwa usawa wa macho au chini yake kidogo. Mikono inataka kibodi iwe usawa wa viwiko, mabega yametulia. Kati ya macho na viwiko vya mtu aliyeketi kuna takriban nusu mita. Laptopu imeunganisha skrini na kibodi kwa bawaba, kwa hiyo haiwezi kuyaridhisha yote mawili. Ukiiacha mezani, shingo inainama. Ukiiinua hadi usawa wa macho, mikono na mabega vinabaki vimeinuliwa mchana kutwa.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa karibu kilo 5. Kikiwa wima, mifupa ya shingo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya uzito huo. Kikiinama mbele, misuli ya nyuma ya shingo ndiyo inayokizuia kisianguke, na kadiri kinavyoinama ndivyo wenzo unavyorefuka. Mwaka 2014, Kenneth Hansraj, daktari mpasuaji wa uti wa mgongo wa New York, alichapisha hesabu zinazoonyesha kwamba mzigo juu ya shingo hufika kama kilo 12 kichwa kikiinama nyuzi 15, na kama kilo 27 kikiinama nyuzi 60. Hizo ni hesabu za modeli. Hazikupimwa ndani ya shingo ya mtu aliye hai, na wanaozisambaza mitandaoni ili kutisha watu hawalisemi hilo. Mimi nazichukua kama mwelekeo tu. Kinachoumiza zaidi ni muda. Msuli uliokazwa kidogo bila kuachiwa hubana mishipa midogo ya damu iliyomo ndani yake, uchovu ukajilimbikiza, na nyuzi zilezile chache za msuli hubaki kazini tangu asubuhi hadi jioni. Ndiyo maana mtu anayebeba gunia kwa dakika tano anaweza kulala salama, na anayehakiki malipo kwa saa sita bila kuinua chochote kizito akaamka na shingo isiyogeuka.

Najua kwa nini tumeipenda laptopu. Umeme ukikatika, betri inaendelea. Hubebwa nyumbani, hufungiwa kabatini, na hutumika kwenye foleni ya Mwenge au Thika Road. Siombi iachwe. Naomba ofisini iwekewe kibodi na mausi vya pembeni, kisha iinuliwe. Rimu moja ya karatasi za A4 ina unene wa karibu sentimita 5, hivyo rimu tatu zinaipandisha skrini sentimita 15, na kila ofisi inazo stoo. Kibodi na mausi vya waya havifiki sehemu ya kumi ya bei ya laptopu yenyewe. Nikiulizwa ni kifaa gani kinachorudisha faida kubwa kuliko vyote kwa shilingi chache kuliko zote, jibu langu kwa miaka yote limekuwa kibodi ya pili. Ila mwenye miwani ya lenzi mbili asiinue skrini sana. Yeye husomea sehemu ya chini ya lenzi, na skrini ikiwa juu atainua kidevu kutwa na kuiumiza shingo kwa upande wa pili.

Kifaa cha pili ni meza, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu ndipo tunapojidhulumu bila kujua. Meza za ofisi zinazoagizwa kutoka nje, na zile ambazo mafundi wetu wa Keko au wa kando ya Ngong Road kule Nairobi huziiga, zina kimo cha sentimita 72 hadi 75. Kipimo hicho kilizoeleka katika nchi ambazo watu wake ni warefu kuliko sisi kwa wastani. Chukua mwanamke mwenye urefu wa sentimita 156, ambaye kati ya Watanzania hataitwa mfupi. Akiketi nyayo zake zikikanyaga sakafu, viwiko vyake viko kama sentimita 65 kutoka chini. Meza inamzidi kwa karibu sentimita 10. Amebakiwa na njia mbili, na zote zinamgharimu. Akibaki chini, atapandisha mabega kila anapoandika. Akipandisha kiti, miguu itaning'inia, ukingo wa kiti utabana nyuma ya mapaja, na jioni vifundo vya miguu vitakuwa vimevimba. Anapokuja kulalamika kuhusu maumivu kati ya mabega, ofisi humnunulia kiti kipya cha bei. Kiti kipya kinakutana na meza ileile, na baada ya miezi miwili anarudi na malalamiko yaleyale, safari hii akionekana msumbufu.

Tiba yake ni ya seremala. Meza ya mbao inaweza kukatwa miguu sentimita 7 asubuhi na kutumika mchana. Meza isiyokatika inahitaji jukwaa dogo la kuwekea miguu, ambalo fundi huliunga kwa mabaki ya mbao. Waliochonga kiti cha enzi walilijua hili. Vingi vya viti vile vina mahali pa kuwekea miguu. Fundi wa Keko hashindwi kutengeneza meza ya sentimita 67. Hajawahi kuagizwa, kwa sababu mteja humwambia “meza ya ofisi” na picha ya simu, bila kipimo hata kimoja. Ninaowashauri huwaambia wapime kwanza kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko cha mtumiaji aliyeketi amevaa viatu vyake vya kazini, ndipo waende kwa fundi.

Sasa kiti. Mwaka 1994 kampuni ya Herman Miller ya Marekani ilitoa kiti kiitwacho Aeron, kilichobuniwa na Bill Stumpf na Don Chadwick. Kikiwa kipya bado kinauzwa kwa zaidi ya dola 1,000, na kwa wengi ndicho picha ya gharama isiyo na maana. Mimi nakiona kwa jicho tofauti. Kiti kile kinatolewa kwa saizi tatu, kama viatu, kwa sababu waliokibuni walikubali kwamba mwili mmoja si kipimo cha miili yote. Badala ya sponji na ngozi kina wavu unaopitisha hewa, jambo ambalo kwa joto la Dar es Salaam na Mombasa lina faida zaidi kuliko huko kilikobuniwa. Na kinauzwa na dhamana ya miaka 12. Simshauri kila mtu akinunue. Nasema kwamba bei yake inaeleweka ukijua unanunua nini: marekebisho ya kimo, egemeo linalofuata mgongo, mikono ya kiti inayopanda na kushuka, na umri mrefu. Kiti kikubwa cha ngozi ya bandia kinachouzwa kama kiti cha bosi mara nyingi hakina hata moja kati ya hayo zaidi ya kupanda na kushuka, na ngozi yake huanza kubanduka kabla ya miaka mitatu.

Tufanye hesabu. Kiti cha shilingi 900,000 kikitumika miaka kumi, siku 240 kwa mwaka, kinagharimu shilingi 375 kwa siku. Hiyo haifiki nauli ya daladala ya safari moja. Upande wa pili weka mfanyakazi anayelipwa shilingi 1,200,000 kwa mwezi kwa siku za saa nane. Maumivu yakimwibia dakika 20 tu kwa siku, za kujinyoosha, kusimama, kurudia mstari aliokosea, mwajiri anapoteza shilingi 50,000 kila mwezi, sawa na 600,000 kwa mwaka. Kwa mwaka mmoja na nusu kiti kimejilipa, na hapo sijaweka siku za ruhusa ya ugonjwa, wala dawa za kutuliza maumivu ambazo mfanyakazi hujinunulia mwenyewe duka la dawa. Gharama hii ya mwisho ndiyo inayonikera zaidi. Kwa kuwa haiingii kwenye vitabu vya kampuni, mhasibu huandika kwamba samani za bei ya chini zimeokoa fedha, ilhali malipo yamehamishiwa kwenye mfuko wa mwenye mshahara mdogo.

Hesabu yangu ni mfano, lakini wako waliopima. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo kutoka kwa wafanyakazi zaidi ya 200 wa ukusanyaji kodi, kazi ambayo tija yake huhesabika kwa dola. Kundi moja lilipewa kiti chenye marekebisho mengi pamoja na mafunzo, la pili mafunzo peke yake, la tatu halikupewa kitu. Makusanyo ya kundi la kwanza yalipanda kwa karibu asilimia 18, na lile la mafunzo peke yake halikuonyesha tofauti ya kutegemewa. Sitaki msomaji aibebe asilimia hiyo kichwakichwa: makundi hayakugawanywa kwa kura, na kampuni ya viti ilikuwa na mkono katika utafiti. Kwangu ushahidi mzito zaidi ni wa David Rempel na wenzake, uliochapishwa mwaka 2006. Wao waliwagawa kwa kura wahudumu wa simu 182 na kuwafuatilia mwaka mzima. Waliofungiwa mezani ubao mpana wa kuegemeza mikono walipata nafuu ya maumivu ya shingo na mabega, na watafiti walikadiria kwamba gharama ya kifaa hicho hurudi ndani ya miezi 10.6. Ubao! Katika vifaa vyote vya bei vilivyojaa madukani, mojawapo ya vilivyothibitika vizuri ni kitu ambacho fundi yeyote wa mtaani anaweza kukiranda na kukifunga kwa skrubu.

Nizitaje sasa imani ninazokutana nazo kila wiki. Ya kwanza, na iliyo ngumu kung'oa, ni kwamba kuna mkao mmoja sahihi, mgongo wima kama askari wa gwaride. Imani hii ina historia ya heshima. Katika miaka ya 1960 na 1970, Alf Nachemson wa Sweden aliingiza sindano yenye kipimo ndani ya diski za uti wa mgongo za watu waliojitolea, na akaona shinikizo likiwa kubwa mtu akiketi kuliko akisimama. Mwaka 1999 Hans-Joachim Wilke na wenzake, Ujerumani, walirudia kipimo hicho kwa mtu mmoja aliyejitolea kwa kifaa bora zaidi, na hawakuiona tofauti ileile; hata kuketi kwa kujilegeza nyuma kwenye kiti kulipunguza shinikizo. Mtu mmoja hatoshi kufunga mjadala, lakini yanayoonekana kliniki yanakubaliana na matokeo hayo ya Wilke: mwili haudai umbo fulani, unadai kubadilishwa. Kiti kizuri ni kile kinachokuruhusu kuegemea, kusogea mbele, kujinyoosha na kurudi. Anayemkaripia karani wake kwa kuegemea nyuma anamwondolea nafuu.

Pili, viti vya gemu. Vijana wanaofanya kazi za mtandaoni wakiwa nyumbani wanavinunua kwa sababu vinaonekana vya kisasa. Umbo lake limetoka kwenye magari ya mashindano, ambako mbawa za pembeni humzuia dereva asirushwe kwenye kona. Mezani hakuna kona. Mbawa hizo huyasukuma mabega mbele, na mto mdogo wa kiunoni hushuka kila unaposogea.

Miwani ya kuzuia mwanga wa bluu nayo inauzwa sana kwa wafanyakazi wa kompyuta. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, ya mwaka 2023 yalikusanya majaribio yaliyofanyika na kuona kwamba kwa uchovu wa macho huenda haina tofauti na lenzi za kawaida. Macho huchoka kwa sababu mtu anayekazia skrini hupepesa mara chache, uso wa jicho ukakauka, na msuli wa ndani ukabaki umekaza kwa kuangalia karibu. Kila dakika 20, tazama kitu kilicho mbali mita 6 kwa sekunde 20. Geuza meza ili dirisha liwe ubavuni, si mbele wala nyuma yako. Fedha ya miwani hiyo ikalipie kipimo cha macho.

Kuhusu kibodi zilizogawanyika na mausi za kusimama: zina nafasi yake kwa mtu mwenye dalili maalumu, baada ya kupimwa. Lakini hofu kwamba kibodi ya kawaida itakuletea ganzi ya kubanwa kwa neva kwenye kifundo cha mkono imekuzwa. Utafiti mkubwa wa Denmark uliochapishwa mwaka 2003 haukukuta kwamba kompyuta ni hatari kubwa kwa ugonjwa huo. Kilichoonekana kuwa na uhusiano ni mausi inayotumiwa kwa zaidi ya saa 20 kwa wiki. Mwenye ganzi usiku aende hospitali kupimwa, kwa kuwa kisukari, ujauzito na matatizo ya tezi huweza kuleta dalili zilezile. Na kile kimto cha mpira mbele ya kibodi ni cha kupumzikia tu. Ukiegemea huku unaandika, unaikandamiza neva ileile uliyokusudia kuilinda.

Meza za kupanda na kushuka naziunga mkono kwa anayezimudu, kwa masharti: hupunguza muda wa kukaa, lakini kusimama kutwa nako huumiza miguu na kiuno. Waulize wauza duka na walimu. Asiyezimudu anaweza kupokea simu akiwa amesimama na kusogeza printa hadi upande wa pili wa chumba.

Wapo waajiri wanaoniita kutoa semina ya saa mbili kuhusu ukaaji, kisha waniage bila kubadili hata kiti kimoja. Siku hizi nakataa. Mafunzo bila kifaa cha kurekebisha ni kumwambia mtu afanye jambo ambalo meza na kiti vyake haviruhusu, na tafiti nyingi zilizoyapima mafunzo peke yake hazikuona faida.

Nini kifanyike? Ofisi ianze na daftari la saa: nani yuko mbele ya skrini kwa saa nne au zaidi kwa siku. Hao ndio wapate bajeti ya kwanza, hata kama ni wa ngazi ya chini kabisa. Mpangilio wa kununua uwe kibodi na mausi za pembeni pamoja na kuinua skrini, kisha kimo cha meza na mahali pa miguu, kisha kiti, na mwisho vifaa maalumu kwa wenye dalili. Asiye na bajeti ya viti vipya aangalie viti vilivyotumika kutoka Ulaya. Kiti cha ofisi kilichotengenezwa kwa kiwango cha Ulaya cha EN 1335, hata kikiwa na miaka kadhaa, hukishinda kipya cha bei hiyohiyo kisichojulikana kimetoka wapi, mradi gesi na magurudumu vinabadilishika. Waandishi wa zabuni wafute majina ya vyeo na kuandika vipimo: kimo cha kiti kinachoanzia sentimita 40 au chini ya hapo, kina kinachorekebishika, mikono ya kiti inayoshuka chini ya meza, kitambaa kinachopitisha hewa, na vipuri vinavyopatikana nchini.

Sheria ipo. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 na Kenya ina yake ya mwaka 2007, na zote zinamtaka mwajiri kumpatia mfanyakazi mazingira salama. Shirika la Kazi Duniani liliingiza magonjwa ya misuli na viungo katika orodha yake ya magonjwa ya kazi ya mwaka 2010. Pengo ni kanuni mahususi za kazi ya skrini. Uingereza inazo tangu mwaka 1992: mwajiri lazima akague kituo cha kazi cha kila mtumiaji wa kompyuta, na agharamie kipimo cha macho mfanyakazi akikiomba. Sioni sababu ya sisi kuendelea kukagua mitungi ya kuzimia moto na ngazi za viwandani huku tukiwapita wanaoketi, ambao idadi yao inaongezeka kila benki na kila kituo cha huduma kwa wateja kinapofunguliwa. Wakaguzi wakipewa ukurasa mmoja wa maswali na futi ya kupimia, kazi inaweza kuanza mwaka huu.

Na anayekwenda dukani wiki hii avae viatu vya kazini. Akae kwenye kiti kwa robo saa, si kwa dakika moja. Nyayo zikanyage chini zote. Kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu. Egemeo liguse kiuno bila kulitafuta. Mikono ya kiti isimzuie kusogelea meza. Aulize gesi ikifa inabadilishwa wapi na kwa bei gani. Muuzaji asiyeruhusu mteja akae robo saa kwenye kiti atakachokikalia miaka kumi hastahili fedha za mteja huyo. Duka la pili liko hatua chache mbele.